Umefutiwa Madeni Marekani? Soma Ripoti Kabla ya Kukopa Tena

Amri ya kufutiwa madeni huja kwa posta, karatasi mbili tu zenye jina la mahakama. Kabla hujaizoea furaha yake, bahasha nyingine zinaanza kumiminika: kadi ya mkopo ambayo eti "umeshakubaliwa", gari bila malipo ya awali, fedha taslimu ndani ya siku moja. Wanaozituma hawabahatishi. Kesi za ufilisi ni kumbukumbu ya wazi, na aliyefutiwa madeni kwa Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi (ile inayofuta madeni bila mpango wa kulipa) hawezi kufutiwa tena kwa sura hiyo mpaka ipite miaka 8 tangu siku alipofungua kesi ya kwanza. Kwa mkopeshaji wa riba kubwa wewe sasa ni mteja wa kutamanika: madeni ya zamani yameondoka, na mlango wa mahakama umefungwa nyuma yako.

Bahasha hizo ziweke kando. Kazi ya miezi ya mwanzo ni kusoma, na kukopa kutafuata. Waswahili wengi wa Minneapolis, Columbus, Houston na kwingineko huambiwa na jamaa "chukua kadi haraka ujenge upya", wakachukua kadi tatu huku ripoti zao za mikopo, yaani kumbukumbu za madeni na malipo yao, bado zinaonyesha kwamba wanadaiwa maelfu ya dola ambayo mahakama ilishayafuta. Hapo unajenga juu ya msingi uliopasuka.

Tuelewane kwanza kuhusu sura mbili za sheria. Sura ya 7 humalizika kwa kawaida ndani ya miezi minne hivi, na hubaki kwenye ripoti kwa miaka 10 tangu tarehe ya kufungua kesi. Hesabu haianzi siku ya kufutiwa. Sura ya 13 ni mpango wa kulipa kwa miaka 3 hadi 5, na kampuni za kumbukumbu za mikopo huiondoa baada ya miaka 7 tangu kufunguliwa. Ukiwa bado ndani ya mpango wa Sura ya 13, usichukue deni jipya bila ruhusa ya msimamizi wa kesi au mahakama. Kesi inaweza kutupwa kwa ajili ya gari moja. Na kuna madeni ambayo kwa kawaida sura hizi haziyagusi: matunzo ya watoto, kodi za miaka ya karibuni, faini za mahakama, na mikopo mingi ya masomo. Haya yanaendelea, na ukichelewa kuyalipa yanaharibu upya alama yako ya mikopo, namba ambayo wakopeshaji hukupimia.

Ripoti tatu mezani

Subiri miezi miwili au mitatu baada ya amri, maana wakopeshaji huchukua muda kupeleka taarifa mpya. Kisha ingia AnnualCreditReport.com uchukue ripoti za Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu za kumbukumbu za mikopo. Ni bure, na tangu 2023 kampuni zote tatu ziliufanya kuwa utaratibu wa kudumu kwamba unaweza kuzipata kila wiki. Tovuti yenye jina linalofanana inayokuomba namba ya kadi siyo hiyo.

Zichapishe. Pembeni weka orodha za wadai ulizowasilisha mahakamani: Jedwali D la wenye dhamana, na Jedwali E/F la wasio na dhamana. Kama huna nakala, muombe wakili wako. Pita mstari kwa mstari. Kila deni lililofutwa linatakiwa kuonyesha salio 0 pamoja na maelezo kwamba liliingia katika ufilisi. Miezi uliyochelewa kulipa kabla ya kufungua kesi itabaki kuonekana, kwa sababu ni kweli. Usiipinge. Lakini mwezi wa kuchelewa ulioandikwa baada ya tarehe ya kufungua kesi, kwa deni lililofutwa, haustahili kuwapo.

Kosa la kawaida kuliko yote ni deni lililoandikwa kuwa benki imelitoa vitabuni, yaani imelihesabu kuwa hasara, likiwa bado na salio, tuseme dola 3,400. Chanzo chake mara nyingi ni mauzo: benki iliuza deni kwa kampuni ya kununua madeni, kila mmoja akadhani mwenzake ndiye atakayerekebisha taarifa. Wakati mwingine deni hilo hilo linatokea mara mbili, kwa jina la benki na kwa jina la mnunuzi. Angalia pia tarehe ya kuchelewa kwa mara ya kwanza. Miaka 7 ya deni kukaa kwenye ripoti huhesabiwa tangu kuchelewa kule ambako baada yake deni halikurudi tena kulipwa kwa wakati, na kuuzwa kwa deni hakuirudishi saa nyuma. Mnunuzi anayeweka tarehe yake mwenyewe amevunja sheria.

Jambo linalowakuta watu wetu hasa ni mchanganyiko wa mafaili. Wakimbizi wengi waliandikishwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, na majina kama Hassan Ali au Mohamed Omar yanabebwa na watu wengi katika mji mmoja. Mashine za kampuni hizi hulinganisha jina, tarehe na anwani, kisha deni la mtu mwingine linaingia kwako. Ukiona anwani ambayo hujawahi kukaa, au tahajia ya jina ambayo hujawahi kuitumia, anza na hiyo. Taja wazi kwamba faili limechanganywa na la mtu mwingine, maana wakiondoa deni moja na kuacha anwani, deni jingine litafuata njia ile ile.

Pingamizi liandike kwa barua. Fomu za mtandaoni zinakubana kuchagua sababu katika orodha fupi, na baadaye huna cha kumwonyesha hakimu. Barua moja kwa kila kampuni, sentensi chache: deni hili, namba hii ya akaunti, lilifutwa na mahakama hii, kesi namba hii, tarehe hii, naomba salio lionyeshe 0. Ambatanisha nakala ya kitambulisho, ya uthibitisho wa anwani, ya amri ya kufutiwa, ya ukurasa wa jedwali unaomtaja mdai huyo, na ya ukurasa wa ripoti wenye kosa likiwa limezungushiwa duara. Usitume asili ya hati yoyote. Peleka kwa posta yenye risiti ya kupokelewa. Nakala nyingine mpelekee mdai mwenyewe.

Kampuni ina siku 30 za kuchunguza, na zinaweza kufika 45, kwa mfano ukiongeza vielelezo katikati. Jibu likirudi kwamba "imethibitishwa" wakati si kweli, lalamika kwa CFPB, ofisi ya serikali ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, kisha tafuta wakili wa sheria ya ripoti za mikopo. Ukishinda, sheria hiyo huitwisha kampuni iliyoshindwa gharama za wakili wako, ndiyo maana wako mawakili wanaopokea kesi hizi bila malipo ya awali.

Wakala wa kukusanya madeni akipiga simu kuhusu deni lililofutwa, mpe namba ya kesi na umtumie nakala ya amri. Amri hiyo ni katazo la mahakama: anayeendelea kudai anaweza kuadhibiwa kwa kuidharau. "Lipa dola 20 tu uonyeshe nia njema" ni maneno ya mtu anayejua kwamba hana haki ya kudai.

Karatasi nyingine inayowatia watu hofu ni fomu 1099-C, inayokuja Januari au Februari ikisema deni lako limesamehewa, na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, imepewa nakala. Deni lililofutwa katika ufilisi halihesabiwi kuwa kipato, lakini IRS haitalitambua hilo yenyewe. Ambatanisha fomu 982 kwenye ritani yako ya kodi na utie alama kisanduku cha 1a. Ukiipuuza fomu hiyo, inaweza kuja barua ya kodi ya fedha ambazo hukuwahi kuzishika.

Alama inahesabuje

Alama ya FICO, ile inayotumiwa na wakopeshaji wengi, huanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 hutokana na kulipa kwa wakati, 30 na kiasi unachodaiwa, 15 na umri wa akaunti, 10 na maombi mapya, 10 na mchanganyiko wa aina za mikopo. Ufilisi huwezi kuubadilisha, lakini sehemu mbili za kwanza, asilimia 65 kwa pamoja, ziko mikononi mwako kila mwezi. Ili alama iweze kuhesabiwa unahitaji walau akaunti moja yenye umri wa miezi 6, na taarifa mpya ndani ya miezi 6 iliyopita. Anayekaa miaka mitatu akitumia fedha taslimu peke yake, akiamini muda utamtakasa, anaweza kukuta hana alama kabisa.

Chombo cha kuanzia ni kadi ya mkopo ya amana. Unaweka dola 200 au 300, benki inazishikilia, na kikomo chako kinakuwa kiasi hicho hicho. Kabla ya kuomba, uliza mambo matatu kwa simu: mnapeleka taarifa kwa kampuni zote tatu? Mnakubali aliyefilisika, na baada ya muda gani? Ada ya mwaka ni kiasi gani? Kadi inayodai ada ya kufungua, ada ya mwezi na ada ya mwaka kwa kikomo cha dola 300 iache. Usianze na benki ambayo deni lake lilifutwa katika kesi yako. Nyingi zina kumbukumbu zao za ndani zisizosahau. Vyama vya akiba na mikopo vya hapa, ndugu wa SACCO tunazozijua, mara nyingi ni wapole zaidi.

Sasa ufundi wenyewe. Kiasi kinachoripotiwa ni salio la siku ya kufunga hesabu ya mwezi, ambayo hutangulia siku ya mwisho ya kulipa kwa wiki tatu au zaidi. Mtu mwenye kikomo cha dola 200 anayenunua mafuta ya gari ya dola 150 na kulipa yote kwa wakati, ripoti yake inasema ametumia asilimia 75 ya kikomo. Hajachelewa, hajalipa riba, na alama inashuka. Kwa kikomo hicho acha salio la dola 20 au chini yake siku ya kufunga, yaani asilimia 10. Njia rahisi: weka bili moja ndogo, kama ya simu ya dola 15, kwenye kadi hiyo, unganisha malipo ya moja kwa moja ya salio lote kutoka benki, kisha kadi iache nyumbani. Kubeba salio kutoka mwezi hadi mwezi hakuongezi alama hata moja. Imani hii imewalipisha watu riba ya bure kwa miaka.

Ukichelewa siku tano utatozwa faini, lakini kuchelewa hakuandikwi kwenye ripoti mpaka zitimie siku 30. Ukigundua siku ya 20 kwamba umesahau, lipa saa hiyo hiyo. Kuchelewa kwa siku 30 baada ya ufilisi kunauma kuliko kule kwa zamani, kwa sababu mkopeshaji anasoma kwamba umepewa nafasi mpya na bado hulipi.

Kadi moja inatosha kwa miezi sita ya kwanza, ya pili ifuate baadaye. Mkopo wa kujenga alama, ambapo chama kinakufungia dola 500 au 1,000 kwenye akiba huku ukilipa kidogo kidogo kwa miezi 12 au 24, unafaa kwa asiye na mkopo mwingine wowote. Utafiti wa CFPB wa 2020 uliona kwamba uliwasaidia wasio na madeni, ila wenye mikopo mingine walielekea kutetereka katika malipo. Kama tayari unalipa gari, uruke. Kuwekwa kama mtumiaji wa ziada kwenye kadi ya ndugu ni msaada halisi ikiwa kadi ni ya siku nyingi na ina salio dogo. Huwajibiki kisheria kwa deni lake, lakini akichelewa yeye, ripoti yako inaweza kuchafuka. Omba kutolewa mara moja.

Programu za simu zinazoonyesha alama bure mara nyingi hutumia VantageScore, aina nyingine ya alama, na wakopeshaji wengi hutumia FICO, tena matoleo tofauti. Tofauti ya makumi ya alama ni ya kawaida. Tazama mwelekeo, usiikamie namba yenyewe.

Gari

Hapa ndipo watu huumizwa zaidi, na inasikitisha kwa sababu bila gari miji mingi ya Marekani haikupi kazi. Chukua mkopo wa dola 15,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa miezi 72. Malipo ni kama dola 359 kwa mwezi, na mwishoni umelipa karibu dola 25,870: riba peke yake ni zaidi ya 10,800. Gari la dola 9,000 kwa riba ile ile, miezi 48, ni dola 274 kwa mwezi na riba ya kama 4,150. Muuzaji atakuuliza "unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi?" ili arefushe miezi mpaka namba ikupendeze. Mjibu kwa bei kamili ya gari.

Vyama vya akiba na mikopo vyenye leseni ya serikali kuu haviruhusiwi kutoza zaidi ya asilimia 18 kwa mkopo wa gari, kwa hiyo pata idhini huko kwanza, uende yadi ukiwa na karatasi mkononi. Maombi kadhaa ya mkopo wa gari ndani ya siku 14 huhesabiwa kama moja, basi yafanye yote katika wiki moja. Usiondoke na gari mpaka mkopo uwe umekubaliwa kwa maandishi. Kuna mtego ambapo unaendesha siku tano, kisha unapigiwa simu: "mkopo umekataliwa, rudi usaini mkataba mwingine", riba ikiwa imepanda. Ikitokea, rudisha gari, dai fedha zako na gari lako la zamani, usisaini. Na zile yadi zinazouza na kukopesha zenyewe, nyingi hazipeleki taarifa za malipo yako popote. Unalipa riba kubwa na hujengi chochote.

Kuhusu gari au nyumba uliyokuwa nayo wakati wa kesi: kama hukusaini mkataba wa kulikubali deni upya, mkopeshaji mara nyingi haripoti malipo yako hata ukilipa kila mwezi. Si kisasi, deni binafsi limefutwa. Hifadhi taarifa za benki za miezi 12 zinazoonyesha malipo hayo, maana mkopeshaji wa nyumba anaweza kuzikubali kama ushahidi.

Kupanga na kununua nyumba

Mwenye nyumba binafsi anaweza kukukataa kwa sababu ya ufilisi. Ofisi ya nyumba ya serikali haiwezi kukunyima kwa sababu hiyo peke yake. Peleka vielelezo kabla hajachungulia ripoti: hati za mshahara za miezi mitatu, amri ya kufutiwa, na barua ya mwenye nyumba wa zamani. Mweleze wazi kwamba huna madeni tena. Wengi hukubali ukiongeza amana, pale sheria ya jimbo inaporuhusu.

Kununua kuna saa zake, yaani muda wa kusubiri. Kwa mkopo wa FHA, unaodhaminiwa na serikali kuu, ni miaka 2 tangu kufutiwa kwa Sura ya 7, au miezi 12 ya malipo mazuri ndani ya Sura ya 13 pamoja na ruhusa ya mahakama. Mkopo wa VA, wa waliotumikia jeshi, ni miaka 2, na wa USDA, wa vijijini, ni 3. Mkopo wa kawaida unaofuata masharti ya Fannie Mae, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka benki, ni miaka 4 kwa Sura ya 7, na miaka 2 tangu kufutiwa kwa Sura ya 13. FHA inahitaji alama 580 kwa malipo ya awali ya asilimia 3.5, ingawa benki nyingi huweka kiwango chao cha juu zaidi. Mtego uko kwa aliyeiachia nyumba yake katika kesi: kwa FHA, kunyang'anywa nyumba kuna saa yake ya miaka 3, nayo huanza siku hati ilipohama jina. Benki ikizembea mwaka mzima kuiuza nyumba, umesubiri mwaka huo bure. Tafuta hati hiyo katika ofisi ya kumbukumbu ya kaunti kabla hujaomba.

Fedha za nyumbani na wauza namba

Bajeti isiyoandika fedha za kutuma nyumbani ni bajeti ya uongo, nayo ndiyo inayowarudisha wengi kwenye kadi. Ada ya shule ya Januari, mazishi, hospitali ya mama: weka kiasi cha kila mwezi, hata dola 75, katika akaunti yake, na kikiisha kimeisha. Upatu ni njia nzuri ya kukusanya amana ya kadi au akiba ya dharura, ila haujengi alama, na mkopo unaoulipa kwenye SACCO ya Nairobi au Arusha hauonekani kwenye ripoti hizi tatu. Usimdhamini mtu. Kama ndugu alikudhamini kabla ya kesi, kumbuka kwamba Sura ya 7 ilikufutia deni wewe tu. Yeye bado anadaiwa, na haki inataka umwambie mapema.

Kampuni za kurekebisha alama haziruhusiwi kisheria kuchukua malipo kabla ya kumaliza kazi, na una siku 3 za kazi za kuvunja mkataba. Hakuna wanachofanya ambacho barua yako haiwezi kufanya. Hatari kubwa zaidi ni yule anayeuza "namba mpya" ya tarakimu tisa ya kutumia badala ya namba yako ya hifadhi ya jamii. Mara nyingi ni namba ya mtoto au mfungwa. Kuitumia katika maombi ya mkopo ni kosa la jinai, na kwa asiye raia kosa hilo linaweza kugharimu makazi yake, wakati ufilisi wenyewe hauzuii mtu kupata kadi ya kijani wala uraia.

Mwezi wa 120 tangu kufungua kesi ya Sura ya 7, chukua tena ripoti zote tatu. Mstari wa ufilisi uwe umetoka. Kama upo, andika barua ile ile ya pingamizi ukitaja tarehe ya kufungua. Usishangae alama ikiyumba mwezi huo, kwa sababu FICO hukuhamisha kutoka kundi la waliofilisika na kuanza kukulinganisha na watu wengine. Amri ya kufutiwa usiitupe hata baada ya hapo. Fomu ya mkopo wa nyumba huuliza kama umetangaza ufilisi ndani ya miaka 7, kumbukumbu ya mahakama haifutiki, na mnunuzi wa madeni anaweza kuibuka miaka mingi baadaye akiwa na orodha ya zamani.